Msamaha wa Mama Wanyonyi

Sukari haina miguu, lakini pale hotelini kwa Selpher ilikuwa imejifunza kutembea. Gunia likiletwa lilikaa pembeni limeshiba kama bibi harusi, na kabla wiki haijafika katikati lilikuwa limekonda, limejikunja kiunoni, na chai iliyouzwa haikutosha kueleza ukondefu huo. Hoteli yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya viwanda vya Industrial Area, meza mbili na mabenchi, na jina lililoandikwa mlangoni kwa mkaa likafutwa na mvua. Vibarua wa viwandani hawakuhitaji jina. Walifuata harufu ya chapati.

"Wewe Triza," Selpher alimuuliza msichana wa kuhudumu, mpwa wake aliyetoka Bungoma juzi, "sukari unatia kwenye birika au unatia kwenye mfuko?"

"Kwenye birika, shangazi. Hata wanalalamika haikolei."

"Na wewe Ndanu?"

Ndanu, mpishi, mwanamke wa Kikamba, alikuwa ameinamia sufuria ya maharagwe akiyakoroga, nayo maharagwe yalikuwa yameiva zamani, hayakuomba kukorogwa.

"Mimi sijui, Mama Wanyonyi," alisema.

Selpher hakumtilia shaka. Ukimtilia shaka Ndanu utamwamini nani? Huyu ndiye aliyembeba Nangila mgongoni, mtoto mdogo wa Selpher, wakati Selpher alipolala na homa ya matumbo hata watu wakaanza kuulizana nani atapeleka habari nyumbani. Ndanu alipika, akauza, akamnywesha mtoto uji kwa kijiko, na jioni akaja nyumbani kwao Ziwani kumkabidhi mwenye hoteli mauzo yote yakiwa yamefungwa kwenye pindo la leso. Mtu kama huyo humtafuti kwa tochi ukiwa umempata.

Basi Selpher akabaki na Triza, na panya, na shetani.

Mumewe Wekulo hakumhesabu. Nani ahesabu mume? Wekulo alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha blanketi mwaka ule wa tisini na sita, yeye na wenzake wengi, lakini hamu ya kula haikupunguzwa. Kila asubuhi alivaa ile bwelasuti yake ya buluu, akamfungulia mkewe kibanda, akambebea maji mtungi mmoja, kisha akaenda kukaa langoni pa kiwanda na wanaume wengine waliopunguzwa, wakitazama lango kama watu waliosahau kitu ndani. Kabla hajaenda, Selpher alimpa pesa kidogo ya sigara. Alimpa mbele ya Triza, mbele ya wateja, kwa mkono wenye unga. Wekulo aliipokea kwa vidole viwili, akaangalia kando.

"Usiimalize yote, Baba Wanyonyi," Selpher angesema, na wateja wangecheka kidogo. Yeye alikuwa mtu wa mzaha. Alidhani mzaha ni dawa ya kila kitu.

*

Na ni mzaha uliomtuma soko la Burma kuomba pembe ya mbuzi kwa wachinjaji.

Alikuwa amewasikia akina mama wa sokoni wakisema kwamba kibanda cha Mkamba hakiibiwi, kwa sababu mwizi anaogopa kithitu. Hicho ni kiapo chao cha pembe. Wenyewe wanasema hakimchukui mwizi peke yake: kinaanza na watoto wake, kinapita kwa mwenzake wa nyumba, kinamaliza ukoo kama moto wa kiangazi, na hata aliyelamba tu kitu kilichoibwa kinamtia katika hesabu. Dawa yake ni moja: kukiri kabla hakijaapiwa. Selpher alikuwa Mbukusu, tena mshiriki wa kanisa, kithitu kwake kilikuwa hadithi ya jirani. Akaijaza pembe masizi ya sufuria, akaiziba kwa kitambaa chekundu kilichokuwa mfuko wa sketi ya Nangila, akachomeka unyoya wa kuku, akaining'iniza juu ya gunia.

"Hiyo ni nini, shangazi?" Triza aliuliza.

"Ni mgeni kutoka Kitui, kwa Wakamba. Ijumaa mwenyewe atakuja, mzee mmoja hana meno, na kila mtu anayeshika jiko hili ataapa. Aliyekula sukari yangu aanze kuaga kwao."

Triza akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka na kuogopa kwa pamoja. Wekulo, aliyekuwa akiweka mtungi chini, aliinua shingo akaitazama ile pembe kwa karibu, akainusa.

"Hii ni ya mbuzi wa Burma," alimnong'oneza mkewe walipobaki wawili. "Hata nyama imebaki hapa."

"Nyamaza, wewe. Unataka kuniharibia dawa?"

Akanyamaza. Katika kunyamaza Wekulo hakuwa na mpinzani.

Ndanu aliitazama pembe mara moja, akarudisha macho kwenye unga, na siku hiyo chapati zikatoka nene upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Selpher aliona. Akadhani ni kichwa kinamuuma.

*

Siku iliyotangulia hiyo Ijumaa, Ndanu alifika kabla ya moto kuwashwa. Hakuvua hata leso ya kichwani.

"Mama Wanyonyi, usimwite yule mzee."

"Kwa nini nisimwite? Nimeshamtumia nauli."

"Usimwite. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Hiyo sukari. Ni mimi nilichukua."

Selpher alikuwa ametayarisha mizaha ya Triza, ya panya, na ya shetani. Ya Ndanu hakuwa nayo. Alikaa juu ya benchi.

"Ulikuwa ukiibeba na nini?"

"Na kikapu."

"Saa ngapi? Tunatoka pamoja kila siku."

"Saa zile... saa ulikuwa umeenda choo."

Baadaye sana Selpher alikumbuka jinsi yalivyokuja majibu hayo, kama ya mtoto aliyeulizwa hesabu ya darasa ambalo hajafika. Lakini wakati ule hakusikia majibu, alisikia neno moja tu: mimi. Na neno hilo lilimuuma mahali ambapo Triza asingeweza kumuuma hata angebeba gunia na meza.

Wateja wakaanza kuingia. Kijana mmoja wa kupakia malori akapiga meza kwa kofi la urafiki.

"Niaje, mathe. Chai na chapo mbili. Mbona leo jiko imelala?"

"Ngoja," Selpher alisema. "Kwanza muone mwizi."

Hakupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka, na yakishatoka yalitaka kazi. Akachukua kikapu cha Ndanu, akakipindua juu ya meza mbele ya watu. Kukaanguka kitana, kiatu kimoja cha mtoto kilichohitaji kushonwa, nusu mche wa sabuni uliofungwa gazetini, na kipande cha muhogo. Sukari haikuwamo hata punje. Kijana wa malori aliangalia kile kiatu, akaangalia pembeni.

"Leo hajabeba," Selpher aliwaambia, kana kwamba wao ndio waliomwuliza. "Lakini amekiri mwenyewe kwa mdomo wake. Miaka yote hii nakula na nyoka."

Wekulo alikuwa mlangoni na mtungi wa maji begani. Alisimama hapo, maji yakimdondokea shingoni, akimwangalia Ndanu, na Ndanu naye akamwangalia. Kisha mwanamume akatua mtungi polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje.

"Mama Wanyonyi," Ndanu alisema akirudisha vitu vyake kikapuni, kiatu mwisho, "nimekiri. Huyo mzee hatakuja, sivyo?"

"Ukishatoka hapa aje kufanya nini?"

"Sema tu kwamba hatakuja."

"Hatakuja. Nenda."

Ndanu akavuta pumzi kama mtu aliyetua kuni. Hakudai malipo ya siku alizofanya, na Selpher hakumpa. Kila mmoja alijifanya amesahau. Ndanu alipokuwa anavuka mtaro, Triza alianza kulia. Selpher akamwambia alie akikanda unga.

Jumapili iliyofuata Selpher alikwenda nyumbani kwa Roseline, palepale Ziwani, ambako wenye hoteli za mabati walikutana baada ya kanisa kuchangiana na kusengenyana. Hao walikuwa na desturi yao: mpishi aliyefukuzwa na mmoja kwa wizi haajiriwi na mwingine. Neno lilisemwa mara moja tu, chai ikinywewa, na lilitosha kumfungia mtu milango yote kutoka Lusaka Road hadi Jogoo Road. Selpher alilisema. Alilisema vizuri, na vitu vya kuchekesha ndani yake, jinsi Mkamba alivyokamatwa na dawa ya Kikamba. Akina mama wakacheka hadi vikombe vikatikisika.

*

Mvua za Aprili zilipoanza, Selpher alipitia Shauri Moyo kununua mafuta ya taa. Mwenye kioski, Kweyu, alimjazia chupa, akaipangusa vizuri, akamwinamia kama watu wenye siri ya biashara.

"Mama, mzee wako amenitupa siku hizi. Kwani umepata mtu anayenunua bei nzuri?"

"Kununua nini?"

"Si ile sukari mnayobaki nayo. Alikuwa akiniletea, sasa nimengoja mpaka nimechoka. Mwambie nitaongeza kidogo, lakini asiwe ananiletea kwa mfuko wa bwelasuti. Inaingia pamba za blanketi."

Selpher alishika chupa. Kulikuwa na mwanamke mwingine nyuma yake akingoja kibiriti, na mwanamke huyo alikuwa wa kanisa lao, tena mwenye hoteli kama yeye.

"Nitamwambia," Selpher alisema. "Tulikuwa tumepungukiwa tu."

Alitembea hadi Ziwani bila kufungua mwavuli, na mwavuli alikuwa nao.

Wekulo alikuwa amekaa kitandani, chumba kikiwa kimoja na kitanda ndicho kiti, akipiga rangi viatu vya kanisa. Yeye ndiye aliyezungusha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Selpher akaweka chupa chini.

"Kweyu anakusalimu."

Brashi ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mtu akichukua chake anaitwa nani?" Wekulo aliuliza, bila kuinua uso. "Nyumba yangu, mke wangu, sukari ya mke wangu. Huyo anaitwa mwizi?"

"Unaitwaje basi?"

"Mama Wanyonyi, wale wanaume wananinunulia chai. Leo Batulo, kesho mwingine, wote hawana kazi kama mimi. Kuna siku zamu inafika kwangu. Nitawaambia ngojeni nikaombe mama, anipe mbele ya wateja, aniambie nisimalize yote?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Selpher alitafuta mzaha, akapata swali tu.

"Na Ndanu alijua?"

"Alinikuta siku moja nikichota. Nikatia kilo kwenye kikapu chake. Akakataa, nikamwambia ni wewe umempa kwa ajili ya watoto lakini hutaki Triza ajue. Akaenda nayo. Kesho yake ukauliza sukari, akaelewa."

"Na ulisimama mlangoni na mtungi nikimwita nyoka."

"Alisema ni yeye." Wekulo aligeuza kiatu, akatazama ncha yake. "Mtu amekiri mwenyewe. Mimi nianze kubishana naye?"

*

Ndanu alikuwa amehamia kwa dadake Muthoki, aliyepanga chumba karibu na Komarock, zile nyumba mpya za watu wa maofisini. Selpher alimkuta nyuma ya nyumba moja akifua mashuka ya wenyewe, mikono imekunjamana kwa sabuni. Ndanu alijifuta, akamletea ndoo aipindue akalie. Heshima hiyo ilimkata Selpher zaidi ya matusi.

"Watoto hawajambo?" Ndanu aliuliza. "Nangila hajambo?"

"Hajambo. Anakuuliza."

"Basi vizuri. Kama hajambo ni vizuri."

"Ndanu, nimejua ni nani."

Ndanu alirudi kwenye karai, akachovya shuka.

"Sikuweza kumwita mwenye nyumba mwizi, mama. Na ningesema, ungeniamini mimi ukamwacha yeye? Lakini si hilo. Ile kitu haichagui. Yule mzee angefika, Baba Wanyonyi aape, ingeanza na Wanyonyi, ije kwa Nangila. Nangila nimembeba mimi. Na wangu pia walikuwa wamekunywa uji wa sukari ile. Nikaona heri kazi iende. Kazi ni kitu tu, hupatikana nyingine; watoto si vitu."

"Ndanu."

"Mm."

"Haikuwa kithitu. Ilikuwa pembe ya mbuzi. Niliijaza masizi mimi mwenyewe. Hakukuwa na mzee yeyote."

Mikono ya Ndanu ilikoma ndani ya maji. Juu ya kamba mashuka mengine yalikuwa yakipigwa na upepo, na mtu ndani ya nyumba alikuwa akitafuta stesheni kwenye redio. Selpher alingoja Ndanu alie, au amtukane, au acheke. Kwa uhai wake wote hakuwahi kutega mzaha asichekewe.

"Na Baba Wanyonyi alijua ni pembe?"

Selpher alitaka kusema hapana.

"Alijua."

"Na mimi nilikuwa siku tatu sili," Ndanu alisema taratibu, kama anayemweleza mtu mwingine. "Nilidhani naona watoto wako wakivimba matumbo."

Alikamua shuka, akalitupa kambani, akalinyoosha pembe zote.

"Rudi kazini," Selpher alisema. "Nitakuongeza. Triza hajui kupika, anachemsha tu."

"Sitarudi. Ninachotaka ni kitu kimoja. Nimebisha kwa kila hoteli, na kila mahali wananiambia Mama Wanyonyi alisema. Sasa Mama Wanyonyi aseme tena. Pale pale kwa Roseline, mbele ya wale wale, nikiwa nimekaa. Useme mimi si mwizi. Nipike, nilishe watoto. Mashuka ya watu yataniua."

"Nitasema," Selpher alimwambia, na wakati anasema alikuwa na hakika.

*

Wakamkalisha Ndanu karibu na mlango, kwenye kigoda, wakampa kikombe kisicho na sahani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisa na viatu alivyoazima kwa Muthoki. Vilimbana, akavivua kisigino kwa siri. Mwenyekiti Roseline, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimpa Selpher nafasi kabla ya michango.

Selpher alisimama. Mbele yake kulikuwa na Teresiah, ambaye mumewe alizungusha kikapu cha sadaka pamoja na Wekulo. Kulikuwa na yule mwanamke aliyengoja kibiriti kwa Kweyu. Alijua kwamba jina la Wekulo likitoka katika chumba hiki litafika kwa watu wa kanisa kabla ya jioni, na langoni pa kiwanda kesho asubuhi. Mwanamume aliyebakiwa na bwelasuti na kikapu cha sadaka, ukimvua hivyo viwili unamwachia nini?

"Nilisema hapa kwamba Ndanu aliiba sukari yangu," alianza. "Nimekuja kusema hakuiba. Nilimsingizia."

Ndanu aliinua macho.

"Sasa ni nani aliiba?" Teresiah aliuliza.

Swali lilikuwa la haki. Hata mtoto angeuliza. Selpher alifungua mdomo, na jina lilikuwa pale, limekaa mbele ya ulimi. Akamwangalia Ndanu. Ndanu hakumsaidia, wala hakumzuia. Alingoja tu, kikombe magotini.

"Hakuna aliyeiba," Selpher alisema. "Nilipima vibaya. Ilikuwapo."

"Lakini si ulituambia alikiri?" yule wa kibiriti akasema. "Mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtu anakirije sukari ambayo haijapotea?"

"Alikuwa... aliogopa."

"Asiye na kitu anaogopa nini?"

Akina mama wakatazamana, na Selpher aliona ule mtazamo ukizunguka chumbani kama sahani ya mandazi, kila mmoja akichukua kipande. Alijua maana yake kabla hawajaitamka. Walikuwa wameamua: Mama Wanyonyi amemhurumia yule mwanamke, watoto wake wana njaa, basi amekuja kumfunika kwa uongo mtakatifu.

Roseline aliinuka na leso yake, macho yamelowa kweli.

"Akina mama, mnaona upendo? Mtu ameibiwa, na bado anasimama kujilaumu mwenyewe ili mwenzake apate kula. Mimi nisingeweza. Tumpigie dada yetu makofi."

"Hapana," Selpher alisema, "si hivyo, ngojeni..."

Lakini makofi yalikuwa yameanza, mazito, ya mikono iliyozoea kukanda, na mtu akaanzisha pambio. Ndanu alikaa palepale. Akavirudisha viatu vizuri miguuni, kimoja kimoja. Pambio lilipokwisha, Roseline akamgeukia kwa upole, kama mwalimu anayemfundisha mtoto adabu.

"Na wewe, Ndanu. Umesamehewa. Milango sasa iko wazi, Teresiah hapa anatafuta mtu wa kuosha vyombo, ingawa jikoni hatakuweka mara moja, unaelewa. Mwambie dada yako neno."

Wote wakangoja. Ndanu akasimama, akaweka kikombe chini, akamwangalia Selpher usoni kwa muda ambao Selpher aliuona mrefu kuliko ibada. Alikuwa na watoto watatu, na Teresiah alikuwa akitafuta mtu wa kuosha vyombo.

"Asante, Mama Wanyonyi," alisema.

Na mdomo wa Selpher, uliozoea kujibu wateja siku nzima, ukamjibu kabla hajauzuia.

"Karibu."